Umeachiwa boksi la santuri za progresivu roki? Anza na upande mmoja

Hii naiandikia wewe ambaye baba, mama au mjomba alikaa Uingereza miaka ya 70 akaacha boksi la santuri za progresivu roki darini (progi kwa kifupi, roki ya nyimbo ndefu zinazoweza kujaza upande mzima wa santuri), maana tuko wengi na najua inavokwenda. Unafungua boksi, unakuta picha ya ng'ombe, picha ya uso mwekundu unaopiga ukelele, picha ya visiwa vinaelea angani, unaweka moja, dakika tatu zinapita hakuna kiitikio, hakuna hata aliyeanza kuimba, unaitoa unafunga boksi. Mimi nlifunga mara mbili. Mara ya tatu nlikaa na mama akanionesha namna ya kuzisikiliza na ndo hiyo ntakuelezea hapa, ila kwanza kuna kazi ya mikono, maana ukizicheza hivi hivi na vumbi la miaka 40 utaziharibu kabla hujazijua.

Kwetu ilikua hivi. Familia ya mama ilitoka Unguja baada ya 1964 ikatua Portsmouth, mji wa bandari kusini mwa Uingereza, na Wazanzibari wapo huko mpaka leo. Mjomba alikua kijana anafanya kazi bandarini, mama alikua anasomea uuguzi, nyumba moja mtaa wa Southsea, gramafoni moja. Mara nyingi mwisho wa mwezi wanachanga wananunua santuri moja. Mjomba anataka zenye vinanda vingi na fujo, mama anataka zenye filimbi na gitaa la taratibu, na kule kutokubaliana kwao ndo kulifanya mkusanyo ukawa mzuri. Toka 1970 mpaka 1977 zikafika 62. Mjomba alipofariki zikaja kwangu, mama bado yupo alhamdulillah na kila Jumapili akija ananiambia, "mwanangu leo weka ile ya mto", na mimi sasa naijua ile ya mto ni ipi.

Kabla hujaweka sindano

Toa santuri zote kwenye boksi uzisimamishe wima kama vitabu, usizilaze moja juu ya ingine, zinapinda. Weka mbali na hita na mbali na dirisha lenye jua. Kama zilikaa darini kwenye unyevu angalia ukungu, madoa meupe meupe yanayofanana na unga, na hizo zitenge kwanza kabisa maana ukungu unahamia kwenye makava ya jirani.

Shika santuri kwa ukingo na kwa lebo ya katikati, usiguse mifereji kwa vidole, mafuta ya ngozi yanashika vumbi. Iweke chini ya taa uigeuze taratibu utaona kila kitu. Kuosha ni rahisi ila usiwe na haraka: maji yaliyotoneshwa, yale ya kujazia pasi au betri ya gari (hakikisha ni maji na si asidi), tone moja la sabuni ya vyombo kwenye lita nzima, kitambaa laini kisichotoa nyuzi, unafuta kwa kuzunguka kufuata mifereji, usikate kutoka katikati kwenda nje. Lebo isilowe. Alafu pitisha maji matupu bila sabuni, simamisha kwenye rafu ya sahani ikauke yenyewe. Mimi ya kwanza niliyoosha nlitumia taulo la jikoni lenye nyuzi ngumu na ile mikwaruzo naisikia mpaka leo, kwa hiyo kitambaa ni muhimu kuliko sabuni.

Kama nyumbani kwenu boksi limechanganyika, kuna progi za mjomba alafu chini kuna zile santuri nzito za bibi za spidi 78 (mizunguko 78 kwa dakika), mfano za Siti binti Saad alizorekodi Bombay kuanzia 1928, hizo ni kitu kingine kabisa. Zile hazikutengenezwa kwa vainili, zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti inayeyusha shelaki, usithubutu kuzifuta na spiriti. Na mfereji wake ni mpana, zinataka sindano yake peke yake. Ziweke pembeni, zina siku yao.

Mifuko ya ndani ikichanika nunua mipya yenye plastiki laini ya polithini, usitumie ile plastiki ngumu nene yenye harufu, ikikaa miaka inaacha ukungu wa kemikali juu ya santuri. Lakini ile mifuko ya zamani USITUPE. Nasema kwa herufi kubwa maana nmeona watu wanatupa. Kwenye progi karatasi ni sehemu ya albamu, The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd ilitoka na mabango mawili na stika ndani, Wish You Were Here yao ilikua na postikadi, Thick as a Brick ya Jethro Tull kava lake lote ni gazeti la kurasa 12, lenye habari za kijiji cha kubuni, matangazo, michezo, chemsha bongo, na ukisoma utakuta habari zinaungana na wimbo. La kwetu mjomba alijaza chemsha bongo kwa kalamu ya wino. Muuzaji atakwambia imeshuka bei. Kwangu imepanda.

Mashine sasa. Usitumie ile gramafoni ya zamani ya sanduku bila kuikagua, nyingi zina katriji (kile kichwa kidogo kinachobeba sindano) za kizamani zinazokandamiza santuri kwa gramu 5 na zaidi, sindano ikiwa imeisha hapo unachimba shimo. Mashine ya kawaida inayofaa iko kwenye gramu 1.5 mpaka 2 hivi, soma karatasi ya katriji yako. Badilisha sindano hata kama inaonekana nzima, huwezi kuona kwa macho kama imekwisha, na badilisha mkanda kama spidi inayumba. Mimi nlimpelekea fundi mmoja akanirudishia na sindano ile ile ya zamani akasema ni nzima, nikaamini, na santuri mbili ziliumia mpaka nlipojua. Kwa hiyo sindano mpya nunua mwenyewe uione ikitoka kwenye pakiti.

Na kitu kimoja kinawachanganya wengi, unaunganisha mashine kwenye spika unasikia sauti nyembamba, ndogo, haina besi kabisa, unadhani santuri imeoza. Haijaoza. Wakati wa kukata santuri kiwandani besi inapunguzwa makusudi na sauti za juu zinaongezwa, ili mifereji isiwe mipana mno, alafu kwenye kucheza lazima kuwe na kifaa cha kurudisha. Amplifaya za zamani zina tundu limeandikwa phono, hiyo ndo kazi yake. Amplifaya yako haina? Tafuta kijiboksi cha priampu ya phono, si ghali, na tofauti ni kama umefungua mlango.

Upande ndo kipimo

Sasa hapa ndo nlipokua nakosea na ndo mama alinirekebisha. Nlikua natafuta nyimbo. Nainua sindano narukia mstari wa tatu, narukia wa nne. Mama akaniambia, hizi hatukuwa tukisikiliza nyimbo, tulikuwa tukisikiliza upande. Unaweka, unakaa, mpaka sindano ifike lebo, unanyanyuka unageuza. Au hugeuzi, unaenda kulala, upande wa pili ni kesho.

Na ukifikiria ni kweli hawa watu walitunga hivo. Santuri ya spidi 33 upande mmoja unabeba kama dakika 20 na kitu, ukizidisha mifereji inabanana sauti inakua ndogo, na kipimo hicho ndo walichopewa wale vijana wa Kiingereza toka kama 1969, wakasema basi kwa nini tugawe hizi dakika 20 kwenye vipande vya dakika tatu tatu, tuzitumie zote. Close to the Edge ya Yes, 1972, albamu nzima ina nyimbo tatu tu na wa kwanza umemeza upande wote. Echoes ya Pink Floyd ni upande wa pili wote wa Meddle, 1971. Supper's Ready ya Genesis inakaribia kumeza upande wa pili wa Foxtrot, dakika 23 hivi, kabla yake kuna kipande kifupi cha gitaa tu. Thick as a Brick ni wimbo mmoja pande zote mbili, unafifia ili ugeuze alafu unaendelea. Mtu akisikiliza hizi kwenye simu kwa kurukaruka ni kama amekaa kwenye tarabu akaondoka wakati wapiga fidla wanapiga dibaji, mwimbaji hajanyanyuka bado, alafu anasema hakuna wimbo. Mama ndo alinipa mfano huo na nikaelewa siku hiyo hiyo, maana tarabu nimekulia ndani yake, najua kungoja.

Kwa hiyo maelekezo yangu ni haya: chagua upande mmoja, sio albamu, upande. Simu weka chumba kingine. Usifanye kitu kingine zaidi ya kushika kava mkononi. Wiki nzima rudia upande ule ule mara tatu nne. Mara ya kwanza utachoka, mara ya pili utaanza kutambua kile kipande kinachorudi, mara ya tatu utakua unakingoja, na hapo ndo imeshakushika.

Uanze na ipi

Kila mtu ana maoni yake, haya ni yangu baada ya kupitia boksi zima mara mbili.

Anza na Wish You Were Here ya Pink Floyd, 1975, upande wa kwanza. Ni rahisi kuingia maana iko taratibu, Shine On You Crazy Diamond inafungua na kinanda kimetandaza sauti moja ndefu, alafu gitaa la David Gilmour linaingia na noti nne. Nne tu! Na zile noti nne ukizisikia mara moja huzisahau. Wimbo unamhusu Syd Barrett, aliyeanzisha bendi akaugua akili ikabidi wamuache, na mwezi Juni 1975 wakiwa studio Abbey Road wanaimalizia albamu hii hii akaingia mtu mnene kanyoa nywele na nyusi, hawakumtambua, kumbe ndo yeye. Ukishajua hilo rudi usikilize tena. Mjomba alikua anaucheza upande huu kila akipata barua ya mauti kutoka nyumbani, mama anasema alikua halii, anaweka hiyo tu na mlango wazi.

Ya pili, Selling England by the Pound ya Genesis, 1973, upande wa kwanza. Hii ndo ya mama. Peter Gabriel anaanza peke yake bila ala hata moja, sauti tupu, na kufika dakika ya tano bendi nzima inakimbia. Usubirie wimbo wa Firth of Fifth: kinaanza kinanda kikubwa cha Tony Banks peke yake, baadae filimbi inapiga wimbo mdogo wa huzuni, unapita, unausahau, alafu gitaa la Steve Hackett linauchukua ule ule wimbo wa filimbi linaunyoosha mpaka nywele zinasimama. Hii albamu jumla ina dakika zaidi ya 53, ni nyingi kwa santuri moja, ndo maana iko chini kisauti, ongeza volumu usidhani imechakaa. Na ukimaliza pande zote mbili sikiliza vizuri mwisho kabisa, ule wimbo wa kwanza unarudi. Mchoro wa kava ni wa mama mmoja msanii Betty Swanwick, alikua na mchoro wake tayari, bendi wakamuomba aongeze mashine ya kukatia majani kwa sababu ya wimbo mmoja mle ndani, akaongeza. Itafute.

Ya tatu ndo ile ya mto, Close to the Edge. Inaanza na ndege na maji, unaona raha, alafu bendi inaingia kama gari limekatika breki na hapo wengi ndo wanapotoa. Usitoe. Fuata gitaa la besi la Chris Squire, yenyewe tu, iko juu inasikika vizuri, ukiishika hiyo utavuka. Katikati kila kitu kinatulia, wanaimba taratibu, alafu Rick Wakeman anapiga kinanda cha kanisa, na ni cha kanisa kweli, walirekodi kwenye kanisa la St Giles Cripplegate London. Mama muislamu wa swala tano hana neno na kinanda hicho, anasema ni sauti ya mtu anayepanda ngazi anamtafuta Mola wake na mimi sina la kuongeza. Mwisho ndege na maji vinarudi. Kava ni kazi ya Roger Dean, la nje ni kijani tupu, fungua ndani ndo utakuta mandhari yenye maji yanamwagika pembeni.

Zikishakaa hizo tatu nenda kwa mzee wao wote, In the Court of the Crimson King ya King Crimson, Oktoba 1969. Ule uso mwekundu. Aliyechora anaitwa Barry Godber, alifariki mwanzoni mwa 1970 akiwa kijana mdogo tu, miezi michache baada ya santuri kutoka. Mbele ya lile kava hamna jina, uso unatosha. Wimbo wa kwanza ni mkali, saksafoni na gitaa vinapiga pamoja kwa kasi ya ajabu, lakini Epitaph ndo nataka uisikie, ile sauti kama ya fidla mia zinazolia nyuma. Sio fidla. Ni Mellotron, kinanda ambacho kila kibonyezo kina kipande cha tepu chini yake chenye sauti halisi iliyorekodiwa, ukibonyeza tepu inavutwa, inakwenda sekunde 8 hivi inaisha lazima uachie. Kwa hiyo inatetemeka kidogo, haijanyooka sawasawa, na mtetemo huo ndo unaotoa machozi. Kilitengenezwa Birmingham. Ukishaijua sauti hii utaikuta kwenye Genesis, kwenye Yes, kwenye Moody Blues, kila mahali.

Emerson, Lake & Palmer mjomba alizipenda sana na mimi bado natembea nazo polepole, Tarkus ya 1971 upande wa kwanza inatosha kuanzia. Camel, The Snow Goose, 1975, haina maneno kabisa, nzuri sana usiku. Caravan wa Canterbury, In the Land of Grey and Pink. Tales from Topographic Oceans ya Yes, santuri mbili, nyimbo nne, kila mmoja upande mzima, hiyo iache mpaka mwaka wa pili, naipenda lakini ukianza nayo utakimbia, hata Wakeman mwenyewe aliondoka kwenye bendi baada yake.

Na wale wanaouliza mbona Queen haimo, imo. Freddie Mercury ni mtoto wa Mji Mkongwe, kazaliwa 1946, familia yake nayo ilihamia Uingereza 1964 kama yetu, na kwa mama hilo sio jambo dogo. Weka Queen II ya 1974, hiyo hata pande hazikuitwa wa kwanza na wa pili, ziliitwa Upande Mweupe na Upande Mweusi, na ule mweusi nyimbo zote ni za Freddie, zinaingiana moja ndani ya ingine. Sikiliza alafu niambie kama sio progi.

Sauti zitakazokutisha, usiite fundi

Hapa ntakusaidia maana nlipoteza wiki nzima. Wish You Were Here upande wa pili, wimbo wa Have a Cigar unapoisha sauti yote inasinyaa ghafla inakua kama redio ndogo ya bati, alafu unasikia mtu anabadilisha stesheni. Spika zako ni nzima. Wametengeneza hivo. The Dark Side of the Moon inaanza na kimya alafu mapigo ya moyo kwa mbali sana, usiongeze volumu hapo kwa sababu kwenye wimbo wa Time kuna saa nyingi zinalia pamoja utaamsha mtaa. Brain Salad Surgery ya Emerson, Lake & Palmer, 1973, upande wa kwanza unafifia katikati ya wimbo, geuza, unaendelea ulipoishia. In the Court of the Crimson King, kwenye wimbo wa Moonchild, dakika kadhaa ni vitone vitone vya sauti na ukimya, hakijakatika kitu. Na Atom Heart Mother ya Pink Floyd, 1970, ile ya ng'ombe, mwisho wa upande wa pili kuna bomba la maji linadondosha tone, tone, tone, na kwenye santuri za Uingereza za mwanzo lile tone limekatwa kwenye mfereji wa mwisho unaojizungusha, halitaisha mpaka unyanyuke utoe sindano. Mama anasema mjomba aliwahi kusinzia akaamka asubuhi bomba bado linadondosha, na yeye akashuka chini kukagua jikoni.

Andika kabla hazijasahaulika

Utaambiwa utazame namba zilizochorwa kwenye ile sehemu tupu karibu na lebo, ujue ni toleo la kwanza au la, na The Dark Side yenye pembetatu ya buluu iliyojaa kwenye lebo ni ya mwanzo kabisa na watu wanailipia pesa nzuri. Tazama, hamna ubaya, na kama kuna mbili zinazofanana uza moja ununue sindano. Lakini namba zile ziko kwenye intaneti, hazipotei. Kinachopotea ni kile anachokijua mzee wako peke yake. Kaa nae, weka upande, rekodi kwa simu anavozungumza, alafu andika kwa penseli kwenye karatasi ndogo uingize ndani ya kava, usiandike juu ya kava lenyewe. Nani alinunua, wapi, nani alikuwepo, nani aligombana na nani.

Hivi ndo nlipata hii. Tarehe 21 Januari 1972 Pink Floyd walipiga Guildhall ya Portsmouth, na walipiga kitu kipya chote kwa ukamilifu mara ya kwanza, maana siku moja kabla yake Brighton walijaribu mitambo ikawagomea katikati wakaacha. Kitu hicho kipya ndo The Dark Side of the Moon, na santuri yake ilitoka Machi 1973, zaidi ya mwaka mzima baadae. Mjomba alikuwemo ukumbini. Alirudi nyumbani akamwambia mama nmesikia kitu siwezi kukisimulia, ngoja kitoke. Akangoja zaidi ya miezi 13. Ilipotoka wakakaa wote wawili sakafuni wakaweka, na mjomba akawa anaitikia kichwa, hii ilikuwepo, hii ilikuwepo, hii wameibadilisha, mpaka mwisho wa upande wa kwanza, The Great Gig in the Sky, sauti ya mwanamke inapanda bila maneno. Hiyo haikuwepo ukumbini, Clare Torry aliirekodi Januari 1973, kwa paundi 30, na ilichukua mpaka 2005 ndo jina lake likaandikwa kama mtunzi. Mama anasema mjomba aligeuka akamtazama, hakusema kitu, sindano ikafika kwenye lebo ikawa inagonga tu, tk, tk, tk, na hakuna aliyenyanyuka kugeuza.

Kwenye kikaratasi cha santuri ile nimeandika hivo hivo, tarehe, majina, na kwamba upande wa pili waliusikiliza kesho yake.